Kupanda Lushoto kwa Baiskeli Ukiwa Peke Yako

Kutoka Mombo, pale njia inapoachana na barabara kuu iendayo Moshi, hadi Lushoto mjini, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, ni kilomita 33 hivi, na katika umbali huo mfupi mwendesha baiskeli hupanda kutoka chini ya mita 500 hadi karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nimeipanda njia hiyo peke yangu mara nyingi. Wanaojiandaa kwenda huniuliza kuhusu gia na nguvu za miguu, lakini mimi huanza na watu watakaokutana nao, kwa sababu barabara ni nyembamba, ina kona zisizoonyesha mbele, na wenyeji wanaitegemea kila siku kwa shule, shamba na soko.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujibana ukingoni. Niliamini kwamba kwa kufanya hivyo ninawaheshimu wenye magari, kumbe kila nilipokutana na mchanga au lami iliyomeguka nilikuwa nayumba, na dereva aliyekuwa nyuma yangu hakuweza kujua nitaelekea wapi. Isitoshe, upenyo niliomwachia ulimshawishi anipite konani, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya kututosha mimi, yeye na gari linaloshuka. Siku hizi nashika mstari ulionyooka upande wa kushoto, hatua moja hivi kutoka ukingoni, na nikisikia gari limepunguza gia nyuma yangu natafuta mahali papana, naonyesha mkono, natoka barabarani na kuweka mguu chini hadi lipite. Mara nyingi utingo hunipungia mkono, na safari yangu haijawahi kuharibika kwa sababu ya kusimama huko.

Malori yanayoshuka na kabichi, viazi na karoti yanahitaji uangalifu wa pekee. Dereva aliyesheheni mzigo hushuka kwa gia nzito ili asizichoshe breki, na ukimlazimisha kusimama ghafla unamdai kitu ambacho pengine gari lake haliwezi kukitoa. Ukiwa nyuma ya lori, usiitegemee indiketa yake ya kushoto kuwa ndiyo ruhusa ya kupita, hata kama madereva wengi huitumia hivyo, kwa kuwa huenda dereva anataka kuegesha kando ili ashushe abiria. Kuna pia bodaboda ambao huzima injini mteremkoni ili kuokoa petroli. Hawa huwasikii kabisa mpaka wametokea konani mbele ya uso wako, na ndiyo maana kona inapofunga macho haifai kuvuka katikati ya barabara, hata ukimya ukikuhakikishia kwamba uko peke yako.

Hata hivyo, waendao kwa miguu ndio wanaotudai zaidi, kwa sababu kwao sisi ndio wenye chombo. Siku moja, nikishuka jirani na Soni, mji mdogo ulio kwenye njia hiyo, nilimkuta msichana aliyejitwika mzigo mrefu wa kuni kichwani. Nilipiga kengele nikiwa tayari mgongoni kwake. Aligeuka kuifuata sauti, na kuni nazo zikageuka pamoja naye zikaziba nusu ya njia. Nilikamata breki, tairi la nyuma likateleza, na gurudumu la mbele likasimama likigusa kandambili yake. Kabla sijapata neno la kusema, yeye ndiye aliyeniambia, “Pole.” Nilimwomba radhi, na pole ile ilinikaa moyoni kuliko ambavyo karipio lingenikaa. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa baiskeli hukata zaidi ya mita 8 kila sekunde, kwa hiyo kengele ya dakika ya mwisho humshtua mtu bila kumsaidia. Sasa napunguza mwendo mapema, napiga kengele nikiwa mbali, na ninapokaribia natoa salamu kwa sauti: “Shikamoo mama, napita kulia kwako.” Sauti ya mtu humwambia aliye mbele kwamba anayekuja amemwona.

Kuhusu breki, zitumie zote mbili kwa kubana na kuachia, maana ukizibana mfululizo rimu hupata moto. Simama Soni, zipoe, uangalie kama raba bado zinatosha.

Ukungu ukishuka, washa taa ya nyuma hata mchana. Ukizidi kiasi cha kutoiona kona inayofuata, simamisha basi, umwombe konda akupakilie baiskeli, mkubaliane nauli ya mzigo kabla baiskeli haijapakiwa, kisha umwombe ailaze upande wenye mnyororo ukiangalia juu.