Kabla ya kufungua duka wilayani, usiishie kwenye asilimia ya taifa

Kila Juni bajeti ikishasomwa Kampala, hakosi mtu wa kunipigia simu akiuliza kama sasa ni wakati wa kufungua duka la jumla huku mashariki. Amesikia uchumi wa Uganda umekua kwa asilimia 6.3 katika mwaka wa fedha 2024/25. Sibishi. Ila mimi nauza nafaka Busia, upande wa Uganda, na asilimia hiyo haijawahi kuniambia ninunue magunia mangapi.

Kwanza kumbuka idadi ya watu. Sensa ya 2014 ilihesabu milioni 34.6, ya 2024 milioni 45.9, yaani ongezeko la karibu asilimia 2.9 kwa mwaka. Ukilitoa, kinachobaki kwa kila kichwa ni kama nusu tu ya ule ukuaji unaotangazwa. Halafu uliza umetoka wapi. Pesa ya kahawa hupita mikononi mwa wakulima wadogo wa Masaka na miteremko ya Elgon. Wakiuza, wananunua mabati na sukari palepale. Ujenzi wa miradi ya mafuta Hoima nao unaingia kwenye hesabu ya taifa, lakini mitambo na mabomba mengi yananunuliwa nje.

Wenzetu wa Kenya, tangu 2019, wanachapisha pato la kila kaunti. Kaunti ya Busia iko hapo ng'ambo tu, na mimi huisoma taarifa hiyo kwa sababu wanunuzi wangu wako kule. Isome kwa tahadhari: wataalamu huchukua thamani ya kila sekta ya taifa na kuigawa kwa kaunti kwa kutumia viashiria, kwa hiyo ni makadirio. Tena inapima kilichozalishwa mahali, si kilichoingia mifukoni mwa wakazi.

Na mpaka una mambo yake. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Katazo lilidumu siku chache, likafuatiwa na masharti ya vyeti na usajili. Hakuna ukuaji wa taifa ungemsaidia mwenye lori lililokwama siku zile.

Kwa wilaya yenyewe, omba kuona bajeti ya halmashauri, ulinganishe mapato yake ya ndani (yale inayokusanya yenyewe) ya miaka kadhaa, ukitoa mfumuko wa bei. Kisha kaa na wakala wa kutuma pesa (mnunulie soda, atazungumza). Wateja wake wakiweka pesa zaidi ya kutoa, hapo pana biashara. Wakitoa tu, mji unaishi kwa pesa za ndugu walioko Kampala. Uliza pia kodi ya pango ya vibanda vya barabarani, na kama kuna vilivyofungwa muda mrefu bila mpangaji.

Usiende Agosti peke yake, watu wakiwa wametoka kuuza mahindi. Nenda na Mei, ghala zikiwa tupu, na hesabu ya kodi ya duka uifanye kwa mauzo ya Mei.