Kuwafundisha maafisa ugani kilimo cha mboga Dodoma: kwa nini ninashauri ratiba ianzie sokoni

Ndugu yetu aliyeanzisha uzi huu ameeleza kwamba halmashauri yake imempa jukumu la kuandaa mafunzo ya wiki mbili kwa maafisa ugani wa kata, na kwamba mada alizopewa ni tatu: uzalishaji wa mboga, utunzaji wa mazao baada ya kuvuna, na masoko. Anauliza apange vipi ratiba na ni mambo gani yapewe uzito. Kazi ya ukufunzi wa aina hiyo nimeifanya kwa miaka mingi katika mkoa huu wa Dodoma na kwa jirani zetu wa Singida, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, kwa kuwa naamini mafunzo haya yakipangwa vizuri yanaweza kubadilisha kipato cha familia nyingi.

Ratiba nyingi nilizokabidhiwa zilikuwa na mpangilio mmoja. Huanza na uchaguzi wa eneo na kitalu, hufuata mbolea, wadudu na magonjwa, kisha uvunaji, na masoko hubaki Ijumaa ya mwisho mchana, wakati washiriki wameshafunga mizigo na wanawaza usafiri wa kurudi vituoni. Ushauri wangu ni kuupindua mpangilio huo: siku mbili za kwanza ziwe za soko, siku tatu zinazofuata ziwe za utunzaji baada ya kuvuna, na wiki ya pili yote iwe ya shambani. Wazo hili si langu peke yangu. Mpango wa SHEP, ulioanzia Kenya mwaka 2006 kwa ushirikiano na shirika la Kijapani la JICA na baadaye ukaingia nchini kwetu, unawataka wakulima wenyewe waende kuchunguza soko kabla hawajachagua zao la kupanda. Ninachoongeza ni kwamba afisa ugani naye apitishwe njia hiyohiyo kabla hajatumwa kuwapitisha wengine, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya dalali hawezi kumshauri mkulima anayekwenda kusimama mbele ya dalali.

Kwa hapa Dodoma mjini, wapeleke Soko la Majengo na soko la Job Ndugai kule Nzuguni, wafike alfajiri, wakati mizigo inashushwa. Kila kikundi kipewe zao moja na maswali machache: linatoka wapi, nani ameleta, linauzwa kwa kipimo gani, mnunuzi analikataa kwa sababu gani, na ni miezi gani linaadimika. Wataona nyanya zilizotoka upande wa Iringa kwa barabara ya Mtera zikipangwa pembeni mwa nyanya za vijiji vyetu wenyewe, na wataanza kujiuliza kwa nini za mbali zinapata mnunuzi mapema. Nunueni matenga mawili matatu kwa fedha za mafunzo, myamwage kwenye turubai, mchambue nyanya nzima, zilizochubuka na zilizopondeka, kisha mpime kila fungu kwenye mizani. Nasisitiza mnunue. Mama anayetafuta riziki yake alfajiri hapaswi kupotezewa muda na watu walio kwenye posho, wala mzigo wake haupaswi kupekuliwa bure.

Zoezi la mizani lina faida nyingine. Tenga halina uzito maalumu, na matenga mawili yanayouzwa kwa bei moja huweza kutofautiana kwa kilo nyingi. Ndivyo ilivyo pia kwa kiroba cha vitunguu kinachoshonewa kofia juu, yaani lumbesa, ambayo Sheria ya Vipimo inaikataza na ambayo bado tunaishi nayo. Afisa anapoona kwa macho yake kilo ambazo mkulima anazitoa bila malipo, hahitaji tena kuhubiriwa umuhimu wa kuuza kwa kilo.

Baada ya soko, wakae chini wapige hesabu. Hesabu moja ninaipenda kuliko zote, na huwa naiandika ubaoni kama mfano tu. Mkulima ametumia shilingi 1,200,000 kuzalisha nyanya na amevuna kilo 4,000, kwa hiyo anaamini kila kilo imemgharimu shilingi 300. Robo ya nyanya hizo ikiharibika kabla ya kuuzwa, zinazobaki ni kilo 3,000, na kila kilo sasa imemgharimu shilingi 400. Akikubali bei ya 350 akidhani anapata faida ya 50, kwa kweli anapoteza 50 katika kila kilo anayouza. Hapo ndipo mada ya utunzaji baada ya kuvuna inapopata uzito wake, kwa sababu washiriki wameshaona kwamba upotevu unaingia moja kwa moja kwenye bei.

Katika siku hizo tatu za utunzaji, ningetumia muda mwingi zaidi kwenye joto. Kwa kadiri ya jumla, kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya mboga kuharibika huongezeka mara mbili hadi tatu. Mchicha uliokatwa saa sita mchana wa Oktoba na kuachwa juani umeshapoteza sehemu kubwa ya maisha yake kabla haujafika gulioni. Kwa hiyo mafundisho ya kwanza hayahitaji fedha: kuvuna alfajiri, kuweka kivuli mwishoni mwa shamba, na kutoacha mzigo usimame juani ukingojea gari. Pili ni vyombo. Tenga refu la fito huponda nyanya za chini kwa uzito wa zile za juu na huchubua za pembeni, wakati kreti la plastiki lenye kuta laini hubebana na lenzake bila kuzigusa nyanya. Wakulima wanalijua hilo. Kinachowazuia ni kwamba kreti likienda sokoni halirudi, kwa hiyo afisa afundishwe jinsi kikundi kinavyoweza kukubaliana na mnunuzi kuhusu kurejesha makreti, na hilo ni jambo la masoko kama lilivyo la utunzaji.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sisi wa kanda ya kati tumebahatika nalo na hatulitumii. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, na hewa kavu ndiyo inayofanya maji yapoze yanapogeuka mvuke. Kijumba cha ubaridi kisichotumia umeme, kilichobuniwa na watafiti wa India, hujengwa kwa kuta mbili za matofali ya kuchoma zenye nafasi ya takriban sentimita 7.5 kati yake. Nafasi hiyo hujazwa mchanga unaoloweshwa asubuhi na jioni, kisha juu huwekwa mfuniko wa majani au magunia, chini ya kivuli. Mahali pakavu kijumba hicho huweza kushusha joto kwa nyuzi 10 hadi 15 na kuweka unyevu wa hewa ndani karibu na asilimia 90. Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu, hakiwezi kufanya kazi kama Chamwino au Bahi. Mafundi wa kijiji wanaweza kukijenga, na washiriki wenu wakijenge wenyewe siku ya nne, walaze ndani mchicha na nyanya, sehemu nyingine waiache nje, na asubuhi inayofuata wapime tena.

Waelezwe pia kwamba kijumba hicho hakiwafai vitunguu. Kitunguu kinataka hewa kavu inayopita, na lazima kianikwe kivulini mpaka shingo inyauke na kufunga, ndipo kihifadhiwe. Wenzetu wa Singida wana uzoefu mkubwa wa zao hilo na ni vema mmoja wao aalikwe. Nyanya zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, kwa hiyo zisichanganywe na mboga za majani wala matango, ambayo huwa ya njano mapema.

Nisisahau mlenda. Kina mama wa Kigogo wamekuwa wakikausha mlenda na kuusaga kwa matumizi ya kiangazi tangu zamani, na huo ni utaalamu kamili wa usindikaji. Mwalike mama mmoja anayeuza mlenda wa unga aje afundishe, alipwe kama mkufunzi, na mtaalamu wa lishe aongeze pale panapostahili: kwamba kukausha kivulini au kwenye kaushio lililofunikwa huhifadhi vitamini A vizuri zaidi kuliko kuanika kwenye jua kali. Nimeona maafisa vijana wakibadilisha kabisa namna wanavyozungumza na wakulima baada ya somo la namna hiyo.

Wiki ya shambani naiandika kwa ufupi, kwa kuwa maafisa wengi wameshasoma misingi vyuoni. Chagua yale yanayoisumbua Dodoma. La kwanza ni chumvi, maana maji ya visima vingi na ya bwawa la Hombolo yanayo. Kitunguu huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikizidi desisimensi 1.2 kwa mita (kizio kinachopima chumvi kwa jinsi inavyopitisha umeme), nyanya huvumilia hadi 2.5, hivyo kipimo cha chumvi kitangulie ushauri wa zao. La pili ni kuoza kitako kwa nyanya, ambapo wakulima wengi hupulizia dawa ya ukungu ilhali chanzo ni upungufu wa madini ya chokaa kwenye tunda, unaoletwa hasa na umwagiliaji usio na mpangilio na kuzidishwa na hiyo chumvi. La tatu ni utitiri mwekundu wa kiangazi, ambao si mdudu wa kawaida. Dawa nyingi za wadudu haziuui, bali huua maadui wake. Mnyauko wa bakteria wautambue kwa kukata kipande cha shina na kukining'iniza kwenye glasi ya maji safi: uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndio wenyewe, na hakuna dawa ya kupuliza. Kwa kantangaze, yaani kiwavi mdogo anayetoboa majani na matunda ya nyanya, wasisitize kuondoa masalia ya zao na kubadilisha makundi ya viuatilifu, kwa sababu amekuwa sugu kwa dawa nyingi.

Hapa pia pafundishwe siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, zilizoandikwa kwenye kibandiko cha kila kiuatilifu. Jiji letu lilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya 2012 na 765,179 katika ile ya 2022. Watu hao wote wanakula mboga kila siku, na mtoto anayekula nyanya iliyopuliziwa jana hana wa kumtetea isipokuwa afisa wa kata.

Kuhusu wakati, usikubali mafunzo yapangwe Januari kwa sababu tu fedha zimetoka. Mvua zetu huanza Desemba na kuisha Aprili, na mboga za kumwagilia huanza kupandwa mvua zinapokatika. Wiki mbili za Mei zinafaa, na gawanya bajeti ili ibaki fedha ya kukutana tena siku mbili mwezi Septemba. Kila mshiriki aondoke Mei akiwa na jukumu la bustani ndogo katani kwake, pamoja na kikundi cha wakulima, na arudi Septemba na daftari lenye tarehe, gharama, kilo zilizovunwa, kilo zilizouzika na bei aliyopewa. Cheti kitolewe siku hiyo ya Septemba baada ya daftari kukaguliwa. Ukihitaji mfano wa kurasa za daftari hilo, niandikie hapahapa nami nitauweka.