Vitundu kwenye mparachichi: dawa kali haitasaidia

Swali: Mtaalamu, shina la mparachichi wangu lina vitundu vidogo kama vya ncha ya kalamu, na juu yake kuna unga mweupe kama sukari. Nimeshapulizia dawa ya wadudu mara 2 na matawi bado yanakauka. Nipige dawa gani kali zaidi?

Jibu: Weka pampu chini kwanza ndugu yangu. Huo unga kweli ni sukari, ni utomvu wa mparachichi uliokauka, ila hutoka kwenye kidonda chochote kwa hiyo wenyewe peke yake hautoshi kukupa jibu. Kwangua gome kidogo pale kwenye kitundu, ukikuta mti wa ndani umekuwa wa kahawia au mweusi na kitundu kinaendelea kuingia ndani, hapo namshuku Euwallacea fornicatus, kimbawakawa cha kama milimita 2 hivi, asili yake Asia, kimeshasumbua Israel, California, na mwaka 2017 kikaonekana Afrika Kusini.

Sasa dawa inashindwa kwa nini? Huyu mdudu hali mbao. Jike anakuja na fangasi kwenye vifuko vidogo kichwani, anabungua njia ndani ya mti, anapanda huyo fangasi kwenye kuta, yaani analima kabisa, halafu yeye na watoto wanakula shamba lao. Wewe unapulizia nje ya gome, yeye yuko ndani anakula mavuno yake. Na jike mmoja anatosha kuanzisha ukoo mzima maana madume hawaruki, wanazaliwa humo, wanapanda dada zao na wanafia humohumo, majike ndo wanatoka wakiwa tayari wana mbegu. Anayekausha matawi hasa ni huyo fangasi, anaziba mishipa ya maji.

Kwa hiyo kazi iko kwenye msumeno. Kata tawi lililoathirika, shuka mpaka ufike kwenye mti msafi usio na doa, na kifaa ukifute kwa spiriti kila ukihama mti. Kama vitundu vimejaa shina kuu lote basi mti wenyewe uende, najua inauma lakini ukiuacha unafuga wadudu.

Kosa kubwa ninaloliona watu wanafanya ni hapa: wanakata vizuri halafu magogo wanayarundika pembeni au wanampa mtu kuni, na mdudu anaendelea kuzaliana kwenye kuni mbichi na kutoka taratibu, umemsafirisha mwenyewe. Saga vipande viwe chini ya sentimita 2.5, vifunike kwa nailoni ngumu juani, kingo uzikandamize na udongo, wiki 6 au zaidi kipindi cha joto, na baridi muda mrefu zaidi.

Halafu angalia kama kuna mnyonyo (mbarika) umeota hapo karibu, mdudu huyu anazaliana humo vizuri tu na watu wanauona gugu hawaukagui. Ukikuta vitundu nao ufanyie hivyohivyo.