Ubao umeandika DLY, nielewe nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naendesha lori huku Marekani, hasa barabara kuu ya I-70 kupitia jimbo la Ohio. Mbao za umeme penye matengenezo zinanichanganya. Juzi mmoja uliandika DLY. Ni foleni au nini? Kiingereza nasoma bila shida.
Dereva, Columbus

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa si lako. Mwongozo wa taifa wa alama za barabarani huko, MUTCD, katika toleo la 2009 uliitaja DLY kati ya vifupisho visivyofaa, kwa sababu mmoja husoma DELAY, yaani kuchelewa, na mwingine DAILY, kila siku. Imo pia ACC: ACCIDENT, yaani ajali, au ACCESS, njia ya kuingilia? Na LT: LEFT, yaani kushoto, au LIGHT, magari ni machache? Fikiria mtu akihama njia kwa kukisia!

Wanaoandika husingizia nafasi. Kweli ni finyu: ubao wa kukokotwa kwa kawaida una mistari 3, kila mmoja wa herufi 8. Lakini hesabu mwenyewe. DELAY ni herufi 5. ACCIDENT ni 8 kamili, inaenea. Huo ni uzembe, nasema wazi.

LN, kifupi cha LANE yaani njia, ni tofauti. Ikitanguliwa na RIGHT hakuna atakayekosea, ni njia ya kulia.

Ukikuta usiloelewa, punguza mwendo mapema na ubaki kwenye njia yako. Ukishaegesha, ipigie simu idara ya barabara ya jimbo, uwatajie namba ya maili na maneno yalivyoandikwa.