Maswali ya Wasomaji: Nani Aliitungua Ndege ya MH17?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma mara nyingi kwamba ndege ya abiria ya Malaysia, safari MH17, ilitunguliwa na kombora lililotoka Urusi. Rafiki yangu anapinga. Anasema Urusi nayo ilitoa ushahidi wake, yaani taarifa za rada, namba za kombora, na utafiti wa kampuni inayotengeneza silaha hizo, na kwamba kwa kuwa kila upande una ushahidi wake, ukweli hauwezi kujulikana. Je, ana haki? Na mtu asiye na utaalamu wa silaha anaweza kuupima vipi ushahidi wa namna hii?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako ana haki katika jambo moja: ubishi umekuwapo, tena mkali na wa miaka mingi. Hata hivyo, kuwapo kwa ubishi hakuthibitishi kwamba hoja za pande zote zina uzito sawa. Tarehe 17 Julai 2014 ndege hiyo aina ya Boeing 777, iliyokuwa ikitoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur, ilianguka katika mkoa wa Donetsk, mashariki mwa Ukraini, ambako majeshi ya serikali yalikuwa yakipigana na waasi waliosaidiwa na Urusi. Watu wote 298 waliokuwamo walikufa, wakiwamo Waholanzi 196 na watoto 80. Jamaa zao wanastahili tuupitie ushahidi wenyewe, hatua kwa hatua, badala ya kuhesabu serikali ngapi zimesema nini.

Uchunguzi wa chanzo cha ajali uliongozwa na Bodi ya Usalama ya Uholanzi, iliyotoa ripoti yake ya mwisho Oktoba 2015. Msingi wa ripoti hiyo ni vitu vinavyoshikika. Sehemu ya mbele ya ndege, hasa upande wa kushoto wa chumba cha marubani, ilikuwa na mamia ya matundu yaliyotobolewa kutoka nje kuingia ndani. Katika mabaki ya chumba hicho na katika miili ya waliokuwamo vilipatikana vipande vya chuma, baadhi vikiwa na umbo la mchemraba na vingine umbo la kipepeo, na juu ya baadhi ya vipande hivyo kulikuwa na tabaka jembamba la alumini au kioo lililolingana na bati na vioo vya ndege yenyewe. Maana yake ni kwamba vipande hivyo vilipita katika ukuta wa ndege kwa kasi kubwa. Havikuokotwa ardhini wala kupandikizwa baadaye. Nauona ushahidi huu kuwa mzito kuliko picha yoyote, kwa sababu haukutegemea neno la jeshi wala la serikali.

Kinasa sauti cha marubani nacho kilikuwa na lake. Mwishoni kabisa kilirekodi mshindo wa milisekunde 2.3 tu. Kwa kuwa sauti hiyo ilizifikia maikrofoni nne za chumba cha marubani kwa nyakati zilizopishana kidogo mno, wataalamu waliweza kukokotoa kwamba mlipuko ulitokea nje ya ndege, juu kidogo na upande wa kushoto wa pua yake. Hivyo ndivyo kombora la mfumo wa Buk, yaani kombora la kutungulia ndege linalorushwa ardhini kutoka kwenye gari, linavyofanya kazi: halilazimiki kuigusa shabaha, bali hulipuka karibu nayo na kuirushia maelfu ya vipande. Bodi ilihitimisha kwamba kichwa cha kombora kilikuwa cha aina ya 9N314M, kilichobebwa na kombora la jamii ya 9M38, na kwamba lilirushwa kutoka eneo la kilomita za mraba 320 mashariki mwa Ukraini. Bodi haikumtaja aliyelirusha, kwa sababu hiyo haikuwa kazi yake.

Sasa tuitazame upya hoja ya rafiki yako. Siku nne tu baada ya ajali, Wizara ya Ulinzi ya Urusi iliitisha mkutano na waandishi wa habari na kudai kwamba rada iliiona ndege ya kivita ya Ukraini, ambayo yawezekana ni Su-25, ikipanda kuelekea MH17. Su-25 ni ndege ya kushambulia majeshi ya nchi kavu, na uwezo wake wa kawaida wa kupanda ni mita 7,000 hivi, ilhali MH17 ilikuwa kwenye kimo cha mita 10,000 hivi. Kombora dogo inalobeba kwa ajili ya kupigana angani hufuata joto la injini, lakini injini za Boeing ziko chini ya mabawa, na madhara yalikuwa puani. Wala halina kichwa chenye vipande vya umbo la kipepeo.

Mwaka 2015 ikaja kampuni ya Kirusi ya Almaz-Antey, inayotengeneza mifumo ya Buk. Mwezi Juni ilisema kombora lilikuwa la Buk, tena la aina ya 9M38M1, lililorushwa kutoka karibu na kijiji cha Zaroshchenske, mahali ambapo Urusi ilidai kulikuwa na jeshi la Ukraini. Mwezi Oktoba kampuni hiyohiyo, baada ya kulipua kichwa cha kombora kando ya pua ya ndege kuukuu aina ya Il-86, ikasema kombora lilikuwa la aina ya zamani zaidi, 9M38, ambalo kichwa chake hakina vipande vya umbo la kipepeo. Miezi minne ilitosha kubadili aina ya kombora, ingawa kijiji hakikubadilika. Pia angalia kwamba hoja hii ya pili inaiua ile ya kwanza: ikiwa kombora la Buk ndilo lililoangusha ndege, basi Su-25 haikuhusika.

Septemba 2016 Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilitoa data ghafi za rada ya kiraia ya Ust-Donetsk, ingawa mwaka 2014 Urusi ilikuwa imewapa wachunguzi wa Uholanzi video ya skrini tu, ikieleza kwamba data zenyewe hazikuhifadhiwa. Safari hii ilidai kwamba rada haikuona kombora lolote likitoka upande wa mashariki. Ukimya wa rada ni ushahidi dhaifu, kwani rada ya kuongozea ndege za kiraia haikuundwa kunasa kitu chembamba kinachopita kwa sekunde chache kwa kasi kubwa mno. Lakini kitu kikubwa kama ndege ya kivita ingepaswa kukiona, na data hizo hazikuonyesha ndege ya kivita karibu na MH17. Hivyo Urusi yenyewe ikawa imeufuta ushahidi wake wa mwaka 2014.

Hoja ngumu zaidi, na ambayo naona ilistahili kuchunguzwa kwa makini, ni ile ya Septemba 2018. Wachunguzi walikuwa wameonyesha hadharani sehemu za injini ya kombora zikiwa na namba. Wizara ikatoa nyaraka zilizosema kwamba kombora lenye namba hizo lilitengenezwa Dolgoprudny mwaka 1986 na kupelekwa kwenye kikosi kilichokuwa magharibi mwa Ukraini, wakati huo ikiwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Tuseme nyaraka hizo ni za kweli. Zingetueleza kombora lilikopelekwa mwaka 1986. Hazingetueleza lilikuwa mikononi mwa nani miaka 28 baadaye, wala gari lililolirusha lilitoka wapi, na swali la gari ndilo lililokuwa na ushahidi mwingi kuliko yote.

Gari hilo lilionekana. Picha na video zilizopigwa na watu mbalimbali asubuhi na mchana wa tarehe 17 Julai zinalionyesha likipita Donetsk, Makiivka, Zuhres, Torez na Snizhne, sehemu kubwa ya safari likiwa juu ya tela la lori. Alfajiri iliyofuata lilipigwa video Luhansk likielekea mpaka wa Urusi, likiwa limepungukiwa kombora moja. Simu zilizonaswa zina sauti za makamanda wa waasi wakizungumzia haja ya kupata Buk jioni ya tarehe 16, na kuisafirisha siku iliyofuata. Data za minara ya simu zinalingana na njia hiyo. Kuna picha ya moshi wa kombora, na picha za setilaiti za shamba lililoungua karibu na Pervomaiskyi, kusini mwa Snizhne, katika eneo la waasi. Kwa kulinganisha alama za gari hilo na picha za msafara wa kijeshi zilizopigwa ndani ya Urusi mwezi Juni, timu ya pamoja ya wachunguzi wa Uholanzi, Australia, Ubelgiji, Malaysia na Ukraini ilieleza Mei 2018 kwamba lilikuwa mali ya Brigedi ya 53 ya makombora ya kutungulia ndege, yenye makao Kursk.

Kipimo ninachokupendekezea, ndugu msomaji, ni kuuliza kama maelezo moja yanaweza kubeba vipande vya chuma, sauti, simu, picha na shamba lililoungua kwa pamoja. Maelezo ya Pervomaiskyi yanavibeba vyote. Maelezo ya Urusi yalikuwa manne, kila moja likijibu kipande kimoja na kuliangusha jingine.

SWALI: Mbona Ukraini na Marekani hazilaumiwi? Ndege ilikuwa katika anga la Ukraini, na Marekani ina setilaiti.

JIBU: Zinalaumika, na nisingependa jambo hili lifichwe. Bodi ya Uholanzi ilisema wazi kwamba Ukraini ilikuwa na sababu ya kutosha kulifunga anga lote la mashariki. Tarehe 14 Julai ndege ya kijeshi aina ya An-26 ilitunguliwa huko kwenye kimo kikubwa, lakini anga lilifungwa hadi futi 32,000 tu. MH17 ilipita futi 33,000, na siku hiyo ndege 160 zilipita eneo hilo kabla anga halijafungwa kabisa. Pia Ukraini haikutoa data za rada zake za msingi, yaani zile zinazoona hata kitu kisichotuma ishara, ikieleza kwamba za kiraia zilikuwa katika matengenezo na za kijeshi hazikuwa kazini. Marekani nayo haijazitoa hadharani picha zake za setilaiti za siku hiyo. Mapengo hayo yanaudhi kwa haki. Lakini uzembe wa kutofunga anga hauhamishi mahali kombora liliporushwa.

SWALI: Kesi iliishaje, na aliyebonyeza kitufe anajulikana?

JIBU: Urusi ilitumia kura ya turufu Julai 2015 kuzuia mahakama maalumu ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo kesi ilisikilizwa Uholanzi kuanzia Machi 2020, bila washtakiwa kuwapo. Tarehe 17 Novemba 2022 mahakama iliikataa hoja ya Zaroshchenske, ikakubali Pervomaiskyi, na kuwahukumu kifungo cha maisha Igor Girkin, Sergey Dubinsky na Leonid Kharchenko, waliokuwa makamanda wa waasi. Mshtakiwa wa nne, Oleg Pulatov, aliachiwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha kwamba alichangia kurushwa kwa kombora hilo, uamuzi unaoonyesha kwamba majaji hawakupitisha mashtaka kwa mafungu. Mahakama iliona inaelekea shabaha iliyokusudiwa ilikuwa ndege ya kijeshi, lakini kwamba kosa hilo haliwaondolei hatia.

Mei 2025 Baraza la Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliamua kwamba Urusi ilikiuka wajibu wake, na Julai mwaka huo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliiona Urusi kuwa na dhamana ya kutunguliwa kwa ndege hiyo. Urusi inaendelea kukana.

Aliyebonyeza kitufe hajatajwa. Februari 2023 wachunguzi walisema kuna dalili nzito kwamba Rais Putin mwenyewe aliidhinisha kupelekwa kwa mfumo huo, lakini ushahidi haukutosha kumshtaki, na majina ya wahudumu wa gari pamoja na aliyetoa amri ya kurusha hawakuweza kuyathibitisha. Uchunguzi ulisitishwa hapo. Walieleza kwamba wanaojua zaidi wako Urusi, na kwamba ushahidi mpya ukitokea wataupokea.