Mauzo yameupita mshahara, niache kazi?

Swali: Mhasibu, shikamoo. Nimeajiriwa kama ofisa ununuzi. Usiku na wikiendi nashona mikoba ya ngozi, na nina msaidizi ninayemlipa kwa kila mkoba. Miezi mitatu mfululizo mauzo yameupita mshahara wangu. Juzi nilikwenda semina, mzungumzaji akatuambia mshika mawili moja humponyoka, na kwamba ukibakiza mguu ofisini basi hujaamua. Barua ya kujiuzulu nimeshaiandika. Niipeleke mwisho wa mwezi?

Jibu: Marahaba. Usiipeleke.

Swali hili naletewa kila mara, na neno linalonichosha ni lile lile: mauzo. Sijapata bado mtu wa kuniambia faida yake imeupita mshahara. Mauzo ni pesa inayopita mkononi mwako ikielekea kwa muuza ngozi, muuza zipu na msaidizi. Mshahara umeshafika, ni wako. Hivyo viwili havipimwi kwenye mzani mmoja.

Tufanye mshahara wako ni 100 na mauzo ya mwezi ni 110. Ngozi, zipu, uzi na bitana vimekula 55. Msaidizi kachukua 15. Imebaki 40, na hapo ndipo wengi hufunga daftari wakashangilia. Lakini nauli ya kupeleka mizigo, mifuko ya kufungia na bando la kujibu wateja usiku vimelipwa na nani? Vimelipwa na mshahara, tena kwa vijisehemu vidogo visivyoandikwa popote. Toa 10. Wapo pia wateja waliochukua mkoba na kuahidi kulipa mwisho wa mwezi: toa 12 nyingine, maana ahadi hainunui ngozi. Mkononi una 18. Na hapo hujajilipa hata senti moja kwa saa unazokaa kwenye cherehani wenzako wamelala.

Mteja wangu mmoja alikuja na daftari safi kabisa, mauzo kwa wino wa bluu, matumizi kwa mwekundu. Nikamwuliza mbona hakuna safu ya usafiri. Akacheka: mizigo alikuwa akiipakia kwenye gari la ofisi. Alipoacha kazi, gari likabaki na ofisi, na faida yake ikabaki na gari.

Hilo ndilo ninalotaka ulione. Biashara yako haijawahi kuishi peke yake hata mwezi mmoja. Mshahara ndio mbia wako mkubwa: unanunua ngozi kabla mikoba haijauzwa, unaziba pengo la wateja wa mkopo, na haudai gawio. Ukiuondoa, hukosi 100 tu. Unakosa pia mtaji wa kuzungushia biashara, bima ya afya, mchango wa mwajiri kwenye akiba yako ya uzeeni na likizo yenye malipo. Benki nayo, iliyokuwa ikikukopesha kwa kuangalia hati ya mshahara, itaanza kukuomba hesabu za miaka.

Sasa huyo mzungumzaji wako. Methali ni nzuri, ila yeye mwenyewe riziki yake ni kiingilio ulicholipa mlangoni, na biashara yako ikifa harudishi. Mwaka 2014 watafiti Joseph Raffiee na Jie Feng wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu maelfu ya Wamarekani walioingia kwenye kujiajiri. Walioanza wakiwa bado kazini, kisha wakahama, hatari ya biashara yao kufa ilikuwa pungufu kwa asilimia 33 kuliko ya walioruka moja kwa moja. Watu wa semina hawaitaji namba hiyo. Wanachopenda kutaja ni Pierre Omidyar, aliyeanzisha mnada wa mtandaoni uliokuja kuwa eBay mwaka 1995 akiwa ameajiriwa, akaacha kazi mwaka uliofuata mapato yalipoupita mshahara. Wanachoruka ni kwamba yeye alikuwa anakusanya kamisheni. Hakuwa na ngozi ya kununua.

Fanya hivi. Fungua akaunti ya biashara peke yake. Kwa miezi sita, kila gharama ya mikoba, hata nauli, itoke humo tu. Jipangie ujira na ujilipe humo humo kila mwezi, kisha uuweke kando bila kuugusa. Mshahara wa ofisi usiingie kwenye biashara kwa jina lolote, hata la "nitarudisha". Ikikwama mwezi wa pili, utakuwa umejua ukiwa bado unalipwa.

Kubaki kazini nako kuna wajanja wake, na hao nawachoka vile vile. Wanaokwambia kompyuta ya ofisi ikilala ni mali yako wanakutafutia kesi. Soma mkataba wako: mingine inakataza kazi ya pembeni bila kibali, mingine inasema ulichobuni ukiwa mwajiriwa ni cha mwajiri. Steve Wozniak alipobuni kompyuta ya kwanza ya Apple alikuwa mwajiriwa wa Hewlett-Packard, akawapelekea wakubwa wake kwanza. Walipoikataa ndipo akawa huru nayo, na hata baada ya kampuni kuanzishwa Aprili 1976 aliendelea na ajira kwa miezi. Wewe ni ofisa ununuzi, kwa hiyo hatari yako iko karibu zaidi: usiwauzie mikoba wazabuni unaowapitishia malipo, hata wakikuomba wenyewe. Hasa wakikuomba wenyewe.

Barua iweke kwenye droo, wala usiichane. Miezi sita ikiisha niandikie tena, unitumie taarifa ya benki ya akaunti hiyo. Picha za mikoba sizihitaji.