Mjini kati kwa miguu: majibu ya maswali yenu kuhusu Mwanza ya zamani

Toleo lililopita niligusia kidogo tu Jiwe la Bismarck, maswali yakamiminika mpaka nikafurahi kwakweli. Nimechagua manne, mengine yatafuata.

SWALI: Dada habari za kazi. Naishi Buhongwa mwaka wa kumi na moja sasa ila mjini naendaga kufuata bidhaa tu na kugeuza. Mwezi ujao mama mkwe anakuja kutoka Songea, yeye anajua Ziwa Nyasa tu, na mume wangu anataka tumzungushe aone vitu vya kihistoria. Tatizo goti linamsumbua na tuna siku moja. Tuanzie wapi? (Mama wa watatu, Buhongwa)

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Anzeni ziwani na muwahi, saa mbili asubuhi muwe mmeshashuka kwenye daladala, maana haya mawe yetu jua likishayashika yanarudisha joto kama jiko na mama atachoka kabla hamjafika popote. Nendeni pale karibu na kivuko cha Kamanga, Jiwe la Bismarck liko majini palepale, huhitaji kupanda kitu. Mtafutieni mama pa kukaa aliangalie taratibu. Ataulizia nani alilipandisha lile la juu, kila mgeni anauliza hivyo, mwambieni hakuna aliyelipandisha. Huo ni mwamba wa granaiti ulioganda chini sana ardhini zamani mno, ukapasuka nyufa, maji yakaingia kwenye nyufa yakala sehemu laini, baadae udongo wa juu ukasombwa na mvua na kilichobaki ndo hicho tunachokiona, jiwe limekaa juu ya jiwe. Jina wamelipa Wajerumani walioweka kituo chao hapa mwaka 1892, wakamkumbuka Otto von Bismarck aliyekuwa kansela wao mpaka 1890. Yeye mwenyewe hakuwahi kuliona.

Kutoka hapo chukueni bajaji mpaka mnara wa saa. Pana kibao kinachomtaja Speke, yule mvumbuzi Mwingereza, soma na jibu la swali linalofuata ili umweleze mama vizuri.

Alafu Makoroboi, na hapa ndo naomba msiharakishe. Watu wengi wanapita Makoroboi kila siku wanatafuta nguo na vyombo na hawajawahi kujiuliza jina limetoka wapi. Limetoka kwenye koroboi, ile taa ya bati ya mafuta ya taa, kwa sababu mafundi wa bati walikaa hapo katikati ya mawe wakizitengeneza kwa makopo yaliyotupwa. Mimi nimesomea koroboi mpaka darasa la saba, asubuhi unaamka pua nyeusi kwa masizi, na mpaka leo nikisikia ile harufu ya mafuta ya taa namwona mama yangu ameinama anapunguza utambi ili usitoe moshi. Kazi yenyewe nilikuwa nasimama kuiangalia nikitumwa dukani, fundi anachukua kopo la maziwa analifungua kwa mkasi wa bati, analinyoosha juu ya kipande cha reli kwa nyundo ndogo, ukingo anaukunja mara mbili anaugonga mpaka mafuta hayapiti, mwisho anaweka kimrija cha kupitishia utambi na mkono wa kushikia. Hapimi kwa rula, anapima kwa kidole. Umeme na sola vimeipunguza koroboi ila ufundi wa bati haujafa, mkimkuta fundi msalimieni, nunueni hata karai, muulize alijifunza kwa nani. Kwangu mimi hiyo ni historia ya mji huu sawasawa na lile jiwe la majini.

Jirani hapohapo kuna Mtaa wa Temple, mahekalu ya Wahindi, misikiti na maduka ya zamani ya Wahindi, mitaa ni mifupi na goti halitalalamika. Kilima cha Robert Koch kitazameni kutoka chini, kile cha nyumba ya zamani ya Wajerumani. Koch ni yule daktari wa vijidudu, alifika Mwanza mwaka 1906 kutafiti malale kabla ya kuvuka kwenda visiwa vya Sese upande wa Uganda. Kupanda ni mwinuko, mama asipande. Mchana mpeni sato na ugali apumzike.

SWALI: Mwangaluka dada. Mimi ni mwalimu huku Sengerema, nilileta wanafunzi mjini, tukasoma pale mnara wa saa kwamba Speke aliliona ziwa kutoka kilima cha Isamilo tarehe 3 Agosti 1858. Mtoto mmoja akaniuliza, kwani sisi tulikuwa hatulioni? Nikakosa la kumjibu. (Mwalimu, Sengerema)

JIBU: Mwangaluka mwalimu, huyo mtoto mpe zawadi. Tarehe iko sawa, ila mwambie Speke alikuja kwa kuelekezwa. Yeye na mwenzake Burton walikuwa Kazeh, ndo Tabora ya leo, na wafanyabiashara wa Kiarabu pale wakawaambia kuna ziwa kubwa kaskazini. Burton alikuwa mgonjwa akabaki, Speke akaja na wapagazi na akina Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani mpaka India akarudi, bila watu kama hao asingefika wala asingeelewana na mtu njiani. Alipofika akakuta watu wanavua, wanalima, mitumbwi inaenda Ukerewe. Akalipa jina la malkia wake, Victoria, wakati lilikuwa na jina, Nyanza, na Mwanza yenyewe inasemekana imetokana na neno hilohilo. Kwahiyo darasani sema Speke ni Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameliona, hapo hujadanganya mtu. Na ukiwaleta tena wapandishe Isamilo wasimame waliangalie wenyewe.

SWALI: Nina nusu siku tu kabla ya kupanda basi, niende kisiwa cha Saanane au Bujora? (Kijana wa Kahama)

JIBU: Nusu siku nenda Saanane, boti ni mwendo mfupi kutoka Capri Point. Ilianza 1964 kama bustani ya wanyama, ikawa hifadhi ya taifa 2013, na jina ni la mzee Saanane aliyekuwa akiishi pale. Bujora iko Kisesa njia ya Musoma, ni makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na padri David Clement kutoka Kanada, ngoma za watemi, viti vyao, habari za Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana kucheza. Hiyo usiende mbiombio, rudi mwezi wa sita kwenye Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma, uwaone na wacheza na nyoka.

SWALI: Dada, baba mdogo alikuwa kwenye MV Bukoba. Nilikuwa mdogo, nimekulia Dodoma na sijawahi kufika alipozikwa. Nasikia kuna mnara, uko wapi? (Binti, Dodoma)

JIBU: Pole sana mwanangu. Meli ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza kidogo sana kuingia Mwanza, na wengi walizikwa pamoja makaburi ya Igoma, mnara uko hukohuko. Panda daladala za Igoma ukishuka uliza makaburi ya MV Bukoba, utaonyeshwa. Kama unaweza njoo tarehe yenyewe, kila mwaka ndugu wanakusanyika kwa ajili ya sala na kuna wenye umri wako waliopoteza baba zao siku hiyo. Ukishindwa tarehe hiyo njoo siku yoyote, niandikie kabla nitakusindikiza.